Sifuri ya Nusu

Wachuuzi wa soko kuu walimwita Mzee Kamili, na jina hilo hakupewa kwa sadaka. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipoinama juu ya mizani ya muuza nyama, soko zima lilinyamaza. Akiinuka akasema "Kamili!", muuza nyama alishusha pumzi, asiposema kitu, muuza nyama alijishusha mwenyewe chini ya meza. Inasimuliwa, na msimuliaji mkuu ni yeye, kwamba siku moja aliikataa mizani ya muuza samaki kwa sababu nzi aliyetua kitangani alikuwa ameshiba.

Alikuwa na sheria moja, aliyowaimbia vijana wa kazi mpaka wakaichukia: tazama kitangani kabla ya kuweka sifuri. Mizani haina akili, alisema. Ukiiambia kwamba jiwe la kilo moja ni sifuri, itakuamini, na itawadanganya watu mpaka Kiyama bila kinyongo na mtu.

Siku hizi alikuwa amestaafu, na mizani pekee iliyombakia ni ile ya shaba aliyopewa siku ya kuagwa, yenye kitanga kimoja na mshale mrefu. Ilikaa juu ya meza ya jikoni, ikisuguliwa kila wiki mpaka unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Vitunguu havikuruhusiwa kuigusa. Aliyeruhusiwa ni paka tu, kila Jumatatu asubuhi.

Paka huyo aliokotwa na mkewe miaka miwili nyuma, chini ya mfereji. Aliokotwa kwa kusikika, maana wakati huo mama watoto alikuwa ameshapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dunia kwake ilikuwa mvuke wa chai. Alimleta ndani akiwa kwenye khanga, Mzee Kamili akampima: nusu kilo, si gramu zaidi wala pungufu. Basi akaitwa Nusu.

"Yukoje?" mkewe aliuliza siku ile.

Kusema kweli, Nusu alikuwa na rangi ya jivu, kama tambara la kufutia sufuria. Lakini Mzee Kamili ulimi wake ulikuwa na tabia ya kuteleza penye utelezi na penye ukavu. "Mweupe," alisema, "mweupe kama maziwa. Na sikio moja la dhahabu." Alikusudia utani wa siku moja. Utani ukala, ukashiba, ukakua pamoja na paka, na kila aliyetaka kuukosoa, Mzee Kamili alimkonyeza anyamaze.

Mgongo wa mzee ulipoanza kugoma kuinama, binti yao anayeishi mbali aliwatumia choo cha paka kinachojisafisha: pipa la plastiki lililolala ubavu, lenye mlango wa duara mbele. Paka akishatoka, pipa linajizungusha polepole kama mtu anayejigeuza kitandani, uchafu unadondokea kwenye droo chini, mchanga safi unabaki. Chini ya choo kuna mizani ndogo. Kikihisi uzito wa paka, hakithubutu kuzunguka. Mzee Kamili aliipenda mizani ile kama mtu anavyompenda mjukuu wa ndugu yake: kwa mbali, na kwa mashaka.

Kisha binti akatuma kidude cha pili, cha kujaza mchanga. Ni chombo cha kutundikwa ukutani kinachobeba kilo tano, chenye mrija unaoingia kwenye pipa. Mizani ya choo ikiona mchanga umepungua, kidude kinamimina gramu mia mbili, kinangoja dakika kumi mchanga utulie, kinapima, kinamimina tena, mpaka kifike kiwango, ndipo pipa linazunguka kuusawazisha. Na kila kinachofanya, kinakuandikia kwenye simu. Mzee alikifunga asubuhi ya siku ambayo mkewe angefunguliwa bandeji ya upasuaji wa macho, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Baba, umekitundika ukutani kweli?"

"Ukutani, mwanangu. Kingekaa juu ya choo si kingejipima chenyewe? Unamfundisha samaki kuogelea?"

"Haya. Mchanga umefika kwenye mstari?"

"Umefika."

"Sasa, kabla hujabonyeza sifuri. Choo hakina kitu? Nusu hayumo?"

"Nusu yuko dirishani anaota jua. Wewe unaongea na Kamili, sio na muuza mkaa."

"Miwani umevaa?"

"Umekuwa mama yangu tangu lini?"

Alijipapasa kifuani. Miwani haikuwepo, wala kamba yake. Lakini kitufe cha sifuri kiko nyuma ya choo, chini kabisa, na mzee alikuwa ameshalala kifudifudi kama mjusi, mkono umenyooka. Nani angeamka kwenda kutafuta miwani? Akabonyeza. Choo kikalia "tii". Akaweka na betri nne za akiba, umeme usije ukakatika, akaufunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, akaenda zake hospitali na mfuko wa nguo za mkewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu alikuwa amejisifu mwenyewe, na maji ameyatia kwa mkono wake.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, bandeji nyeupe imemzunguka kichwa.

"Daktari anakuja saa tisa," alimwambia. "Lakini nimeshamwomba. Bandeji ikitoka, nitafumba macho. Muuguzi atanishika mkono mpaka kwenye benchi pale nje, na wewe utakuwa umekaa na Nusu kwenye kikapu. Yeye ndiye nitakayemwona kwanza."

"Na mimi?"

"Wewe uso wako nimeuangalia miaka arobaini, nimeuhifadhi. Yeye sijamwona hata siku moja." Akatabasamu. "Mweupe na sikio la dhahabu. Nimelala nikimwota."

Mzee Kamili alikohoa. Hilo la rangi alikuwa amelipangia: atasema paka hubadilika wakikua, kama nyanya. Mfukoni simu ikatetemeka.

"Nani huyo anakupenda hivyo?" mkewe akauliza baada ya muda. "Kila nikitaka kusinzia, mfuko wako unanguruma."

"Wastaafu wenzangu. Hawana kazi."

Ilitetemeka asubuhi nzima. Ilipogonga saa sita, ikatetemeka mara tatu mfululizo, kwa pupa, kama mtu anayebisha hodi nyumba inaungua. Mzee akatoka wodini, akasimama ukumbini. Aliinyoosha simu mbali kadiri ya mkono, bado maandishi yalikuwa sisimizi. Akamsimamisha muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la dawa.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau."

Muuguzi alisoma, akamtazama, akasoma tena.

"Babu, ni choo."

"Choo gani?"

"Hata mimi nakuuliza. Kinasema, 'Mchanga umepungua. Nimeongeza gramu mia mbili.' Halafu kinarudia. Kinarudia tena. Babu, hiki choo kinakupenda!"

"Mara ngapi?"

Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. "Ishirini na moja."

"Na zile tatu za mwisho?"

"'Mchanga umefika kiwango. Paka hayumo. Mzunguko umeanza.' Halafu, 'Mzunguko umekamilika.' Halafu..." Muuguzi akacheka. "'Droo ya taka imejaa. Tafadhali mwaga.' Sasa babu, na chetu cha wodini tukifundishe kuandika."

Mzee Kamili hakucheka. Kichwa chake, ambacho kwa miaka thelathini na moja kilipiga hesabu hata kikilala, kilikuwa kimeshaanza bila kumwomba ruhusa. Mia mbili mara ishirini na moja. Elfu nne na mia mbili. Kilo nne na gramu mia mbili. Mchanga haukuguswa na mtu tangu asubuhi. Umepunguaje kilo nne na ushei? Na mbona namba hiyo anaifahamu?

Ndipo alipoiona, bila miwani, wazi kama bango: mshale wa shaba, Jumatatu iliyopita, umesimama kwenye kilo nne na gramu mia mbili, na juu ya kitanga Nusu anajilamba mkia.

Asubuhi ile Nusu hakuwa dirishani. Alipokuwa amelala kifudifudi, mkono umenyooka kutafuta kitufe, yule paka wa jivu, asiyeweza kuona mlango wazi bila kuingia, alikuwa ameshajipenyeza ndani ya pipa la rangi ya jivu. Na Kamili, mwalimu wa sifuri, amekiambia choo kwamba mchanga na paka, vyote pamoja, ni sifuri. Nusu alipotoka, choo kikaona kimepungukiwa paka mzima, kikaanza kulipa kwa mchanga.

Hilo halikuwa la kuogopesha. La kuogopesha lilikuwa upande wake wa pili. Kama sifuri ni choo na paka ndani, basi Nusu akiingia, choo kinaona hakuna mtu. Kinazunguka. Na kila siku, jua likishaondoka dirishani, saa sita, bila kuchelewa kama karani, Nusu huenda chooni.

Mzunguko umeanza. Mzunguko umekamilika. Droo imejaa.

"Babu, kaa chini," muuguzi alisema. "Umekuwa mweupe."

"Mwambie mke wangu nimeenda kuchukua kikapu," alisema, tayari anatembea.

Kabla hajafika getini alikuwa ameshampigia jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mshonaji wa nguo, mama mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Jirani! Chungulia dirisha letu la ukumbini. Haraka!"

"Nina gauni la bibi harusi mapajani, shemeji, na bibi harusi mwenyewe yupo hapa anavimba."

"Nusu ameingia kwenye mashine!"

Alisikia kiti kinaanguka, ndara zinakimbia, kisha pumzi za mama karibu na simu. "Nipo. Ngoja, nafuta kioo... Yesu na Maria! Nani amewamwagia tifutifu humu?"

"Unamwona?"

"Naona mchanga. Umejaa mpaka kwenye mlango wa hilo pipa, unamwagika sakafuni. Nusu! Nusu! Pss pss! Hajibu. Shemeji."

"Sema."

"Kuna kitu kinatoka kwenye mchanga. Chembamba. Kijivu. Kama... sijui, sitaki kusema."

"Sema!"

"Kama mkia."

Mzee alishika nguzo ya geti. "Katiza umeme," alisema. "Mita iko nje, kisanduku hakina kufuli."

Akasikia kisanduku kinafunguliwa, swichi inashuka, "ka". Kisha ndara zikarudi dirishani.

"Shemeji, bado kinanguruma."

Betri. Betri nne za akiba alizoziweka mwenyewe, kwa mikono yake, huku akijisifu.

"Ufunguo uko wapi nivunje... nifungue?"

"Ninao mimi mfukoni."

"Basi ruka uje," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu awajue hakuongeza neno.

Mwenye pikipiki aliyempata getini alikuwa mtu wa maneno. "Mzee, tunakimbilia nini? Mgonjwa?"

"Paka."

"Paka!" Pikipiki ikapunguza mwendo kwa mshangao. "Mzee, paka ana roho saba."

"Na mimi ninayo moja, imefika kooni. Kaza!"

Mwenye pikipiki akakaza. Mzee Kamili baadaye alikuwa akiapa kwamba walipita mzunguko wa barabara bila kuzunguka, na kwamba askari wa barabarani aliwapungia akidhani ni msafara wa kiongozi. Siku hiyo hakuona lolote. Alifumba macho, akaona pipa linageuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, na ndani yake kilo nne na gramu mia mbili zilizokuwa zikimlalia miguuni. Akaona benchi la hospitali. Akaona mkewe anafumbua macho baada ya miaka miwili, na cha kwanza anachokiona ni kikapu kitupu. Shetani naye hakukosa nafasi: kamtafute paka mwingine, akamnong'oneza, hajawahi kumwona. Lakini mikono ile! Mikono ya mama watoto ilimjua Nusu mfupa kwa mfupa. Unaweza kuyadanganya macho yaliyofungwa. Mikono iliyofunguliwa utaidanganyaje?

Mshonaji alikuwa mlangoni, sindano mdomoni, futi ya kushonea imemning'inia shingoni. Ufunguo ulikataa tundu mara tatu. Mara ya nne mama akamnyang'anya akafungua mwenyewe.

Choo kilikuwa pale ukumbini, kimya sasa, taa ndogo nyekundu inakonyeza. Mchanga umelala mlangoni pake kama ulimi. Na kweli, katikati, kitu chembamba cha kijivu kimechomoza, kimejikunja ncha.

Mzee alipiga magoti. Mgongo uliogoma kuinama mwaka mzima haukukumbuka hata kulalamika. Akakishika. Kilikuwa baridi.

"Vuta taratibu," mama alisema, amegeuza uso.

Akavuta taratibu. Kikaja, kirefu, kirefu zaidi, kikakwama. Akachimba kwa mkono wa pili, vidole vikagusa kitu kigumu, cha mviringo. Akafumba macho, akavuta.

Ilikuwa miwani yake.

Aliishika mkononi, kamba ya kijivu inaning'inia, mchanga unamiminika kwenye vioo. Ilimponyoka asubuhi alipoinama kusawazisha mchanga. Akaivaa ilivyo, na mchanga wake. Dunia ikarudi na mikwaruzo. Akachimba pipa zima kwa mikono miwili kama fuko, akatupa mchanga nyuma, mama akiruka huku na huku. Hakukuwa na kitu.

"Bado droo," alisema.

Hakuna aliyesogea. Droo ya taka ilikuwa imebenuka kidogo, haijafunga vizuri, kama mdomo wa mtu aliyeshiba. Mzee Kamili aliwahi kufungua stoo za walanguzi wenye mapanga bila kusita. Sasa kishikio kilimponyoka. Akaivuta. Nzito. Akaiinua kidogo, akaipima kwa kiganja, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumwuliza Mungu swali.

Mchanga. Mchanga mtupu, mkavu, uliomwagika pipa lilipozunguka limejaa kupita kiasi. Alipitisha vidole mpaka chini. Mchanga.

"Sasa yuko wapi?" mama alinong'ona.

Ndipo jikoni kukasikika "tik".

Ni sauti ndogo, ambayo mtu mwingine angeikosa. Lakini mzee aliisikia kwa miaka thelathini na moja, mchana kazini na usiku ndotoni. Ni sauti ya mshale wa mizani ukitulia.

Nusu alikuwa amejikunja ndani ya kitanga cha shaba, kama mkate kwenye chungu. Alifumbua jicho moja, akawatazama watu wawili wazima waliojaa mchanga mpaka nyusi, akalifumba.

Mzee Kamili alikaa sakafuni. Hakulia, ila miwani ilipata matope. Alipoweza kusema, alimweleza mshonaji jambo lote: sifuri aliyoiweka na paka ndani, gramu mia mbili mara ishirini na moja, na choo kisichomwona Nusu.

Mama alitoa sindano mdomoni, akafikiri. "Subiri. Kilikuwa kinadai paka mmoja, sivyo?"

"Ndivyo hivyo."

"Kikajilipa mchanga wa paka mmoja. Kikamaliza kulipa ndipo kikazunguka."

"Ndiyo."

"Basi kilikuwa kimeshapata paka wake wa mchanga, shemeji. Nusu angeingia wakati ule, angekuwa paka wa pili. Kingemwona."

Mzee aligeuza hesabu upande huu na ule. Ilikuwa kamili. Dakika zile za kumwaga ndizo zilizokuwa na hatari. Choo kilipozunguka, deni lilikuwa limeshakwisha. Alikuwa ameifanya nusu ya hesabu kwenye ukumbi wa hospitali, na nusu nyingine hofu ikaila. Na Nusu mwenyewe, alipokuta choo kimejaa mpaka mlangoni, alikuwa amegeuza kama bibi aliyekuta foleni.

"Alienda wapi basi?" mama akauliza. "Kujisaidia?"

Mzee aliutazama mshale. Kilo nne, gramu mia moja na arobaini. "Pungufu ya gramu sitini," alisema kwa ukali wa kazini. "Zimo humu ndani."

Walizitafuta chini ya meza, nyuma ya mlango, kwenye kapu la vitunguu. Hawakuziona. Saa nane na nusu mzee aliosha uso, akakifutia choo ile sifuri ya uongo, akatazama ndani ya pipa mara tatu ndipo akaweka mpya, akamtia Nusu kikapuni, akavaa viatu vyake vizuri vya kutokea. Cha kushoto kiliingia vizuri. Gramu sitini zilikuwa kwenye cha kulia.

Saa tisa na robo alikuwa kwenye benchi, amevaa kiatu kimoja na ndara moja. Muuguzi alimleta mkewe taratibu, macho ameyafumba, mkono mbele. Akaketi. Akafungua kikapu kwa kupapasa, akamtoa Nusu, akamweka mapajani. Kisha akafumbua macho.

Alitazama muda mrefu. Machozi yalimtiririka, daktari alikuwa amesema yatatiririka. Akageuza sikio la kulia, akageuza la kushoto.

"Huyu wa kijivu," alisema.

Mzee Kamili alikuwa na maneno ya nyanya tayari ulimini. Hayakutoka. Hofu aliyoidhani ameiacha kwenye mchanga ilikuwa imemfuata kwa miguu.

Mkewe alifumba macho tena. Akampitisha mikono Nusu kutoka kichwani hadi mkiani, mfupa kwa mfupa, akamwinua kidogo, akampima kwa viganja.

"Ni yeye," alisema. "Amepungua kidogo leo, lakini ni yeye." Akamkumbatia shingoni, Nusu akaanza kunguruma.

Mzee alishusha pumzi, ndefu kama ya muuza nyama.

Kisha mkewe akainua uso, akafumbua macho yake mapya, meusi, safi, yasiyo na mvuke hata chembe. Yakashuka polepole toka usoni pake, yakapita kwenye miwani yenye mchanga, kwenye magoti yenye vumbi, yakafika kwenye kiatu, yakahamia kwenye ndara, yakapanda tena.

"Sasa, baba watoto," alisema kwa upole, "twende nyumbani. Nataka nivitazame na vingine vyote ulivyonisimulia miaka hii miwili. Tuanze na ile rangi uliyopaka sebule."

Sebule haikuwa imepakwa rangi.